Nukta Tatu

Saa moja unusu asubuhi nasimama mlangoni pa chumba cha tatu
nikivua viatu, saa, bangili ya arusi.
Udi wa jana kwenye nywele naufunika kwa kofia ya karatasi.
Humu hakuna anayenukia.

Hewa ya Malindi ina chumvi. Hula bawaba, hula misumari,
ingepewa nafasi ingekula hata mizani.
Kwa hiyo mizani yangu inaishi ndani ya sanduku la kioo,
na kila siku, kabla sijaamini neno lake lolote,
naipa kijiwe cha gramu moja na kuiuliza: hiki ni kingapi?
Ikisitasita, nami nasitasita.

Marehemu baba, fundi cherehani wa Shela,
alikuwa na mizani yake: vidole vinane.
Akitunga shairi alivigonga pajani, kimya,
na mstari ukizidi silabi moja aliukata
kama anavyokata uzi, kwa meno.
"Lakini umeeleweka, baba. Nani atahesabu?"
Akanijibu bila kuinua kichwa:
Neno likishapimika, hulitia midomoni.
Nikahesabu. Nane. Nane.
Nikamchukia kidogo.

Wiki hii ni bechi ya kumi na saba,
dawa ya sumu ya nyoka, chupa elfu moja na mia mbili.
Nimezitazama mbele ya pazia jeusi, kisha jeupe,
nikizizungusha moja moja
kama anunuaye mayai kwa mtu aliyemlaghai juzi.
Safi. Hata unyuzi haumo.
Lakini macho si kipimo.
Kipimo kimenipa kumi nukta tatu.
Mwisho wetu ni kumi.

Kwanza nikajishuku mwenyewe.
Pipeti. Glavu. Jasho la Machi lililoning'inia kidevuni.
Jenereta iliyokohoa saa nne umeme ulipokatika.
Nikarudia: kumi nukta nne.
Nikampa Dzendere arudie, sikumwambia nilichopata.
Akarudi akiuma mdomo.
"Dada Mwanaesha, kumi nukta mbili."

Bakteria wenyewe wamekufa zamani, tuliwaua vizuri.
Ila maganda yao yamo humo,
na yakiingia kwenye damu ya mtoto huwasha homa,
kama maiti iliyokataa kuzikwa.

Bwana Chivatsi akaja hajavaa hata kofia,
akasimama nje ya kioo, akakibandika kipaji chake cha uso.
"Nukta tatu!"
Akanionyesha kwa vidole viwili, mwanya mwembamba kuliko ukucha.
Gari liko getini, barafu inayeyuka.
Zahanati ya Marafa wamepiga simu mara mbili,
rafu yao imebaki vumbi na karatasi.
"Swila hasubiri fomu zako."

Ni kweli. Hasubiri.
Nilikaa na ukweli huo kama na mgeni aliyekataa chai.

Husemwa samaki mmoja akioza, mtungo wote umeoza.
Mimi nalipwa kumtafuta huyo mmoja,
na siku nikimpata
watu hunitazama kana kwamba nimemwozesha mimi.

Nikachukua kalamu nyekundu.
HAIKUFAULU. Tarehe. M. Shekuwe.
Mkono ulikwenda pajani wenyewe:
ha-i-ku-fa-u-lu. Sita.
Baba angeikataa. Imepungua mbili.

Gari likaondoka tupu, nikalisikia likibadilisha gia kwenye kokoto.
Dzendere akafunga chupa zote ndani ya kabati la waya,
akanipa ufunguo bila neno.
Saa kumi nikavaa bangili yangu. Ilikuwa ya baridi.

Sasa ni usiku, na simu nimeilaza kifudifudi.
Sijui kama Marafa kuna mtu amekanyaga nyasi asizoziona.
Sitauliza. Au nitauliza kesho.
Bechi ya kumi na nane itakuwa tayari Alhamisi,
leo ni Ijumaa,
nahesabu pajani gizani: siku sita.
Sita tena.
Kidole cha saba na cha nane vimebaki hewani,
havina pa kugonga.