Naomba, Nipe

Kule Mwanza niliagiza chai nilivyozoea:
"Nipe chai, na chapati mbili."
Mgahawa mzima ukageuka.
Mabula, kijana wa kuhudumu, akasimamisha birika hewani,
akaniuliza taratibu, kama daktari atafutaye panapouma:
"Mama, umetoka Kenya?"

Sikuwa nimetaja nchi. Nilikuwa nimetaja chapati.

Akaniletea, lakini pesa aliitaka kwanza.
Wa meza ya pili walikula, wakafuta midomo,
wakapiga soga, ndipo wakalipa.

Siku tatu nikawa nchi nzima.
Mwenye gesti, Bi Minza, mwanamke mcha Mungu,
aliniombea safari njema mlangoni
huku macho yake yakihesabu nyuma yangu:
taulo mbili, rimoti, shuka, kandambili za bafuni.
Mwanawe alitaka nimwonyeshe mbio.
Mimi, Mideva binti Kisia, mwenye goti linalotabiri mvua,
ambaye mizani ya posho mili pale Luanda ilinikataa!
Nikamwambia, mwanangu, wanaokimbia ni watu wengine, wa milimani,
mimi hata basi likiniacha hulipungia mkono.
Akaitazama miguu yangu
kama mtu aliyeuziwa redio bila betri.

Basi nikajifunza.
Siku ya mwisho nikaishusha sauti hadi chini ya meza:
"Naomba chai, kaka. Samahani, naomba na sukari."
Neno lilinibana kama kiatu cha kuazima,
kizuri, cha ngozi, si changu.
Kwetu aliyeomba mezani alikuwa mgeni, au mwenye deni.
"Nipe" lilikuwa neno la mtoto wa nyumbani,
anayejua chungu kilipo na mkono wa mama ulipo.
Hilo ningemweleza nani, na pesa imeshatangulia?

Nikarudi Kisumu nimejaa hadithi.
Hapa Kibuye, nyuma ya mafundi wanaogonga masufuria,
nilizisimulia hotelini kwangu wiki nzima
nikiiga sauti ya Mabula, wateja wakimwaga chai kwa kicheko.
"Hao," akasema Akeyo, "hata nyumba ikiungua
wataomba maji kwa adabu."
Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi.

Alhamisi moja, saa nne, akaingia mwanamume
wa viatu vilivyong'aa hata vumbi letu likaona haya.
"Chai iko, mama?"
Hakuomba, wala hakusema nipe.
Akeyo akanikonyeza: Mkongo.
Redio ikapandishwa. Fundi mmoja akaacha nyundo, akaja kutazama bure.
"Patroni, tuonyeshe! Kiuno hicho kimelala?"
Na mimi, mimi wa kandambili zilizohesabiwa,
nilipiga makofi.

Aliitwa Kasereka. Hilo nililijua baadaye,
pamoja na hili: alikuja kutafuta kipuri cha pampu ya zahanati,
na katika kanisa lao hawachezi, hata Krismasi.

Alitutazama mmoja mmoja.
Akaufunga mkoba zipu, akaubana kati ya miguu ya kiti.
Akainuka. Akacheza hatua mbili,
mbili tu, bila bega, bila uso,
kama mtu anayelipa ushuru mpakani ili apite.
Akakaa. Watu wakashangilia.

Hatua zile nilizijua.
Nilikuwa nimezitamka mwenyewe, Mwanza, na sukari.

Nikazima redio; Akeyo akaninunia hadi alasiri.
Nikamjazia mgeni kikombe tena.
Mkono wake tayari ulikuwa mfukoni,
maana mahali fulani njiani, kati ya kwao na kwetu,
alikuwa amefunzwa kwamba mtu kama yeye hulipa kwanza.
"Kunywa," nikamwambia. "Hiyo hulipi."

Akaniangalia viganja, kisha macho,
kisha akachungulia chini ya kisahani,
akitafuta ujanja wa Kikenya umefichwa wapi.
Chai ikaanza kupoa, naye bado anatafuta.