Hatua Tisa Kutoka Mlangoni

Wadi Kabir, saa kumi na mbili asubuhi.
Milima imesimama uchi kama ilivyozaliwa,
jua bado halijakumbuka ukali wake.
Gereji zote zimebomolewa.
Zimebaki sakafu za saruji, doa juu ya doa,
na bango la kampuni: nyumba nyeupe, mitende ya kuchorwa,
mtoto juu ya baiskeli, anacheka.

Mimi ndiye ninayepima atakachokanyaga mtoto yule.

Keekee inashuka, inapanda na ulimi wa udongo.
Nusu mita: changarawe, kijivu, safi.
Mita moja: changarawe, safi.
Naandika juu ya chupa nambari, kina, saa,
naye Shofiqul anazipanga kwenye sanduku la barafu
kama mtu apangaye mayai.
Mashimo kumi na sita, na yote yanasema hapana neno.
Lakini kisima cha kupimia, kule bonde linakoteremkia,
maji yake yamevaa utando wa rangi za shingo ya njiwa.
Umetoka wapi?
Ramani ya manispaa haijui.
Ramani inajua kuta tu.

Nikampigia baba.

Alikikodi kiwanja hiki miaka ishirini na mitatu,
yeye aliyekuja kutoka Unguja na spana nne ndani ya foronya.
Kila Alhamisi mama alitega chetezo chini ya ovaroli yake,
moshi ukapanda mikononi, ukatokea shingoni,
na oili ikabaki pale pale.
Bibi akicheka barazani: la kuvunda halina ubani.

"Baba, oili chafu mlikuwa mkiimwaga wapi?"
Nilisikia feni ya chumbani kwake.
Nilisikia akihamisha simu, sikio la kulia, la kushoto.
"Tulikuwa na pipa."
"Na pipa likijaa?"
Feni.
"Hatua tisa kutoka mlangoni, uelekee mlimani.
Hatua zangu, si zako."
Kisha, taratibu: "Mchanga ulikuwa unameza, mwanangu.
Kila siku unameza, haushibi.
Nilidhani huko chini hakuna mtu."

Nikazihesabu, nikitanua miguu
kama zamani nilipofuata nyayo zake ufukweni.
Shofiqul alinitazama, hakuuliza.

Shimo la kumi na saba.
Nusu mita: changarawe, safi. Alikuwa amefukia vizuri.
Mita moja na robo, harufu ikanifikia kabla ya udongo,
ikapenya barakoa,
na kabla kipimo hakijalia nilikuwa nimeshaijua:
Alhamisi. Ovaroli.
Shingo niliyoning'inia nikiwa na miaka mitano.
Ukiwa na glavu chafu hairuhusiwi kugusa uso.
Basi sikujifuta.

Kwenye fomu kuna mstari: Chanzo.
Niliandika: oili ya injini, ya zamani.
Mstari wa jina haukuwapo.
Nikashukuru, kisha nikaona haya kwa kushukuru.

Sasa katapila linachimba.
Udongo mweusi tumeulaza juu ya plastiki nene,
tunaulisha samadi ya mbuzi, tunaunywesha,
tunaugeuza kila Jumatatu kama wapishi wa halua,
ili vijidudu tusivyoviona viile oili ile,
punje kwa punje, miezi minane.
Mwekezaji anataka miwili.
Nimemwambia hapana, mara tatu, kwa maandishi.
Mtoto wa kwenye bango anaendelea kucheka,
hana haraka yoyote.

Baba hajawahi kuja kutazama.
Ila kila Ijumaa, baada ya sala, simu inalia,
na kabla ya salamu anauliza,
kama aulizaye habari za wageni aliowaacha sebuleni:
"Wameshakula?"
"Bado, baba. Wanakula."
"Waongeze maji," anasema.
"Joto limezidi. Waongeze maji."