Chumba cha Makoti, Perm

Kengele ya tatu ikilia, milango ya ukumbi hufungwa,
nami hubaki na makoti mia nne yasiyosema.
Theluji inayeyuka mabegani mwao, tone, tone.
Panabaki harufu ya kondoo, tumbaku,
manukato ya sikukuu.
Nina saa tatu na taa moja.
Nina riwaya ya Rimma.

Nimekisemea uongo kitabu hiki miaka arobaini na mitatu.
Shuleni niliandika kurasa sita juu ya mwisho wake:
toba, kiangazi kinanukia, barafu inapasuka mtoni.
Nikapata tano, alama ya juu kabisa.
Kapitolina Lvovna akaisoma mbele ya darasa, sauti ikitetemeka.
Neno kwa neno nilikuwa nimenakili kwa Rimma wa mkondo B,
ngazini, daftari juu ya goti.
Alidai mikate miwili ya kabichi. Nikamlipa.

Marehemu mume wangu alijua nimekisoma.
Wanangu nimewagombeza: mimi katika umri wenu!

Rimma tulimzika Februari, ardhi ikigoma kuchimbika.
Binti yake akanipa mfuko: shali, kikombe,
na hiki, jalada limevikwa gazeti.

Mwanzoni nilipotea. Kila mtu ana majina matatu
na la nne la kudekezwa.
Basi nikawapa namba, kama makoti:
kumi na saba, jemadari mwenye madeni;
kumi na nane, mkewe;
hamsini na moja, shemeji anayelia huku anakula.
Hapo ndipo nikawajua.

Na tazama, ukurasa wa themanini, usiku wa dansi,
kuna mzee anayepokea makoti.
Mistari miwili. Anapokea koti la manyoya,
anapuliza theluji kwenye ukosi wake,
kisha mwandishi anapanda ngazi na wakubwa, amemwacha.
Nilimsubiri. Kurasa mia. Mia tatu.
Watu wakaposa, wakafilisika, wakamwamini Mungu, wakaacha,
nami nauliza: na yule mzee je?
Nani alimpa chai?
Alifikaje kwake na baridi ile?

Pembeni, penseli ya Rimma ilinitangulia
kama mtu aliyeshika tochi:
“kweli!”, “mjinga huyu”, “ya insha”.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, ikakoma.
Mbele yake ni weupe mtupu.
Kurasa mbili zilikuwa zimegandana tangu kiwandani;
nilipozitenga zikalia kidogo, kama utando wa barafu chini ya kiatu.

Nilicheka hata Yefim mlinzi akaja kuchungulia.
Rimma! Mikate miwili ya kabichi!
Hakuna toba mwishoni, mwenzangu. Hakuna mto.
Kuna mwanamke anafunga dirisha,
anasimama, amesahau alichofuata chumbani.
Wino unaishia hapo.
Na Kapitolina Lvovna, Mungu amrehemu,
na sauti yake ile ya kutetemeka...

Juu, makofi. Miguu inashuka ngazi.
Nimeweka kibao namba themanini na nane katikati ya kitabu,
cha koti ambalo mwenyewe hajarudi tangu Novemba.
Wa kwanza ananyoosha mkono bila kunitazama.
Nimetwaa koti lake, nikapuliza ukosi,
ijapokuwa theluji ilikwisha yeyuka zamani.