Chini ya Meza

Baridi yabisi nimeishi nayo miaka kumi na tisa.
Iliingilia vidoleni, nikiwa bado kiwandani
nikiunga nyuzi zilizokatika kwenye mtambo wa kufuma,
ikakaa katika vifundo kama mpangaji mzee
anayechelewesha kodi lakini hapigi kelele usiku.
Tulizoeana. Asubuhi nilimpa maji ya moto kwenye beseni,
naye akaniachia nifunge vifungo vya blauzi,
viwili, siku njema vitatu.

Huyu wa pili alikuja Novemba, bila hodi.
Nilikuwa nimeinama kuokota kiazi.
Kiazi kimoja! Wala hakikuwa kikubwa.
Umeme ulitoka kiunoni, ukapita takoni,
ukashuka nyuma ya paja, ukazunguka goti
na kuishia kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto,
kikabaki kinawakawaka kama taa mbovu ya ngazini.
Daktari Wawrzyniak alinichorea mstari kwenye karatasi:
"Sayatika, Bi Bronisława. Neva imebanwa."
Alichora vizuri. Sikulala.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe.
Nikampa.
Akanilimia paja mpaka alfajiri.

Na hawa wawili hawaelewani.
Vidole vinataka joto, neva inataka barafu.
Magoti yanasema tembea, tusije tukashika kutu;
kiuno kinasema thubutu.
Fimbo inayouokoa mguu
inauvunja mkono unaoishika.

Vidato sitini na viwili, na jengo halina lifti.
Cha kumi na nane kina ufa.
Cha thelathini na moja ndipo Zenobia hunikuta nimesimama
nikijifanya natafuta funguo.
Hasemi kitu. Huuchukua mfuko wa mkate, akatangulia.
Soksi navaa kwa koleo la jikoni.
Ya kushoto humaliza taarifa ya habari yote
pamoja na hali ya hewa.

Jumapili Kalina hupiga simu kutoka Oslo.
"Hujambo, mama?"
"Sijambo," nasema,
na jambo limenilalia ubavuni, linasikiliza.

Leo limenibwaga.
Nilikuwa nageuza vitunguu kwenye kikaango,
redio ikisema theluji haitaondoka Łódź kabla ya Ijumaa.
Nikateremka sakafuni kwa awamu,
kama kabati linaloshushwa na wapagazi wasiolipwa,
nikaipandisha miguu juu ya kiti, magoti yamekunjwa,
na maumivu yakapungua.
Hayakwisha. Yalishusha sauti.

Ndipo nikatazama juu.
Uvunguni mwa meza aliyoichonga Ignacy mwaka tuliooana,
kwa kalamu ya rangi ya zambarau, herufi zimepinda:
HII NI NYUMBA YA PAKA. WATU WAKUBWA WASIINGIE.

Hatukuwahi kufuga paka.
Miaka arobaini nimeifuta meza hii upande wa juu,
makombo, wino, nta ya mishumaa, supu.
Ignacy aliitia gundi miguu yake mara mbili
akafa bila kuyasoma haya.

Nilicheka, kicheko kikanichoma mguu mzima.
Ikabidi nicheke kidogokidogo, kwa pumzi fupi,
kama anayekunywa chai iliyotoka kuchemka.

Sasa vitunguu vinaungua.
Mlango sijaufunga kwa ufunguo; Zenobia ataisikia harufu,
ataingia na viatu vyake vyenye theluji
na kunigombeza kuanzia mlangoni.
Nina dakika chache.

Penseli imo mfukoni mwa aproni.
Naishika kwa ngumi, kama mtoto,
vidole haviwezi vinginevyo,
na chini ya maandishi yake, kwa herufi zilizopinda zaidi,
naomba ruhusa.