Rangi ya Tatu

Eimantas amekuja na msasa, makopo mawili ya rangi,
na picha ya baiskeli ileile ilipokuwa mpya:
nyeusi, mistari ya dhahabu myembamba kwenye fremu
kama mshono wa joho.
Mimi nimekuja mikono mitupu.
Baridi ya Novemba imetutangulia gerejini,
imekaa juu ya kila chuma.

"Kitu kizuri, kwa nini kisirudishiwe uzuri wake?
Baba angefurahi kuiona inameremeta."

Baba.
Miaka thelathini na mmoja ya barua za Šiauliai,
mkoba ukining'inia kushoto, kila siku kushoto,
hata fremu ikalika, ikafanya kijibonde
kinachoenea kidole gumba changu.
Hicho nacho utakijaza?
Tandiko limelalia upande mmoja
kwa kuwa mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kidogo
na hakumwambia mtu. Tandiko ndilo lililosema.
Na kengele: mbili bubu, ya tatu inalia.
Tulivyojua ni yeye, si mgeni, ndivyo hivyo.

Nikamwambia, ukiisafisha
utatupa baiskeli, utatunyang'anya mtu.

Kaka yangu amechomelea meli Norwe miaka tisa.
Kutu anaijua kama mchungaji anavyomjua fisi.
"Kutu si kumbukumbu, dada. Kutu inakula.
Iache hivyo hivyo, na mjukuu wako
ataikuta unga mwekundu sakafuni.
Atachukua ufagio."

Hapo alinishinda. Nilikiri kimoyomoyo,
usoni nikabaki nimenuna.

Tukapatana kwa shingo upande:
mahali padogo, chini ya tandiko, pasipoonekana,
ajaribu.

Akasugua.
Kijani ya Baba ikatoka, vumbi jepesi
likatua kwenye viatu vyetu.
Chini yake haikuwa nyeusi ya kwenye picha.
Ilikuwa buluu,
buluu ya yale maua yanayojiotea katikati ya ngano,
iliyopakwa harakaharaka, mkono wa mtu mwenye hofu;
unywele wa brashi ulikuwa bado umenasa humo.
Akasugua tena, polepole sasa, kwa ncha ya kidole.
Ndipo nyeusi. Na juu ya nyeusi
herufi zilizokwaruzwa kwa msumari:
*Domicėlė B., 1938.*

Ukoo wetu hauna Domicėlė.

Lakini ng'ambo ya barabara ya babu palikuwa na nyumba
iliyoachwa wazi mwaka wa arobaini na tisa,
sahani mezani, supu imeganda,
watu wamepandishwa treni ya mashariki usiku.
Na babu, kila alipoulizwa baiskeli aliipata wapi,
alijibu neno moja:
"Niliikuta."

Ya kale ni dhahabu, watu husema.
Hawasemi ya nani.

Eimantas akaweka msasa chini.
Picha yake ikadondoka, hakuiokota.
"Basi turudishe ipi?" akauliza,
na safari hii hakuwa akibishana nami.
Mimi niliyetetea kila mkwaruzo
sikuwa na la kusema, maana mkwaruzo wa kwanza
haukuwa wetu.

Nikawaza: Baba alipeleka barua za mji mzima
akiwa amekalia jina la mtu asiyefikiwa na barua.
Je, alijua? Kijani aliipaka mwenyewe,
nakumbuka, nilimshikia kopo.
Hakusugua kwanza. Alipaka tu juu.

Usiku ukaingia. Tukatia mnyororo mafuta,
tone kwa tone, bila kushauriana.
Pale paliposuguliwa, upana wa stempu,
kaka akapaka nta kwa kitambaa cha shati lake,
kutu isile zile herufi.
Makopo yake amerudi nayo, hayajafunguliwa.

Asubuhi nimempigia simu karani wa kumbukumbu za mji.
Nikamtajia jina, nikamtajia mwaka.
"Wewe ni nani wake?" akaniuliza.

Bado ameshika simu, anangoja.
Nami natazama kengele.
Mbili bubu.