Kisigino cha Jóhild

Jumatano, Vágur, jikoni kwa Sunnuva.
Mvua inanyesha kimshazari.
Kondoo wameupa upepo kisogo.

Rannvá kaja na soksi isiyo kisigino:
“Hapa ndipo ninapokwama.”
Jóhild hakusema neno. Aliisimamisha pia ya kusokotea,
akamshika vidole kwa vidole vyake
vinavyonuka mafuta ya sufu:
kitanzi, kitanzi, ruka kimoja,
geuza.

Jóhild keshazikwa. Mgeni kutoka Tórshavn
anatuambia pale pa kuruka tunakosea;
na kweli, soksi za kijiji kizima
zimeinama kushoto.

Tukamshukuru. Tukamwongezea kahawa.
Alipoondoka, Rannvá akamvuta binti wa Sunnuva,
akamshika vidole:
kitanzi, kitanzi,
ruka.