Kumi na Tatu Nukta Tano

Kibaigwa, ghalani, nyuma ya mizani,
nimeunganisha vipande vitatu kwenye skrini:
unyevu usizidi kumi na tatu nukta tano
NA takataka zisizidi mbili kwa mia
NA SI dumuzi.
Kila kipande kinatoa mshale, mishale inakutana,
na mwisho wake hutoka neno moja tu.

Niliipenda kazi hii kwa uchache wa maneno yake.
NA: hataki kimoja, anataka vyote.
AU: chochote utakachonipa, nitashukuru.
SI: kijiti kidogo kinachogeuza mkokoteni mzima.
Nikadhani dunia imenienea kiganjani.

Yudita Malogo akaja na punda kutoka Pandambili,
magunia sita, la mwisho limeshonwa kwa kamba ya chandarua.
Masonda akachoma bambo,
punje zikamwagika kikombeni.
Kumi na tatu nukta sita.
Vipande viwili vikawaka kijani, kimoja kikazima,
na kwa kuwa NA hajui kusamehe,
skrini ikaandika, kwa herufi nilizozichagua mwenyewe:
UONGO.

Alisoma taratibu. Akakaza khanga kiunoni.
"Nani mwongo hapa, binti? Mimi au mahindi?"

Wapagazi wakacheka.
Nimwambie nini? Kwamba hilo ni jina la sifuri?
Kwamba mashine haimjui, wala haijui kutukana?
Kwao, mtu akiitwa hivyo mbele za watu
kikao huitishwa, na mbuzi huchinjwa.

Nikafungua programu. Kizingiti sikukigusa;
ukungu wa ghalani hausomi nyuso.
Nilifuta neno moja tu,
nikaandika: BADO.

Turubai likatandikwa uani.
Upepo wa Kongwa, niliokuwa nikiulaani mwezi mzima
kwa vumbi lake kwenye kibodi,
ukapita juu ya punje
kama mkono unaotafuta sindano.
Yudita akazigeuza kwa wayo, akitafuna karanga,
hakunitazama hata mara moja.

Saa tisa, konzi moja kikombeni.
Kumi na tatu nukta nne.
Vipande vitatu vikawaka.
KWELI.

"Ilikuwa kweli tangu asubuhi," akasema,
akilowesha kidole ahesabu noti,
"ila ilikuwa haijakauka."